Kanzu, Leso na Buibui la Kamba: Mwongozo Kamili wa Kumshonea Mwanasesere Nguo za Lamu ya Zama za Ukoloni

Kila baada ya wiki chache hunijia mtu barazani na kanzu ndogo iliyomshinda. Kasoro ni zile zile: kichwa cha mwanasesere hakipiti, mikono imesimama kama mbawa, kwapa limekaza, na chini nguo imetanuka kama kengele. Wenye leso (kanga) nao hulalamika kuwa ua moja limemeza mwili mzima. Wengi wao ni washonaji wazuri, na kanzu ya mtu mzima haiwasumbui. Kinachowaangusha ni kuchukua mkato wa shati au gauni la siku hizi na kuupunguza.

Mkato wa siku hizi una kwapa la mviringo. Kwa mtu mzima mviringo ule una nafasi ya kuvutwa na kulainishwa. Kwa mwanasesere wa sentimita 30, mviringo wote hauzidi urefu wa kidole, na kitambaa lazima kikunjamane. Mafundi wetu wa zamani walikata kanzu kwa vipande vya mistari iliyonyooka: badani (kipande kirefu cha mwilini), mikono, kikwapa (mraba mdogo wa chini ya mkono) na taharizi (kipande cha ubavuni kinachopanuka kwenda chini). Mkato huo unapungua vizuri, kwa sababu mstari ulionyooka unabaki umenyooka hata ukiwa mdogo. Ukilishika hilo, nusu ya kazi umeshaimaliza.

Wengi wakisikia nguo za ukoloni hufikiria gauni la mke wa bwana DC na kofia ngumu ya jua. Mimi nashona wale waliokuwa wakipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, tangu 1895, Uingereza ilipotangaza himaya yake, hadi kama miaka ya 1930: mwanamume wa kanzu, kizibao na kofia, mama wa leso mbili, na mwanamke aliyejifunika buibui la kamba. Nguo zao ndizo nitakazozieleza hapa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kukaa

Vipimo vyote ni vya mwanasesere wa kitambaa mwenye urefu wa sm 30, kichwa mzunguko sm 14, mabega sm 7, na mkono wa sm 10 kutoka bega hadi kifundo. Kama wako ni mkubwa au mdogo, fuata hesabu nitakazokuonyesha, usinakili namba tu.

- Bafta au melimeli nyeupe, kipande cha sm 25 kwa 60. Iinue dirishani na utie mkono nyuma yake. Ukiona kivuli cha vidole vyako, inafaa. Usipoona ila weupe mtupu, ni nzito mno kwa umbo hili.
- Vitambaa vya pamba vyenye maua madogo, ua lisizidi ukubwa wa punje ya mahindi. Hivi ni vya leso.
- Kitambaa cheusi laini chenye kuteleza, sm 40 kwa 40, kwa buibui.
- Sindano ya mkono namba 10. Kwa sindano za mkono, namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba. Ya cherehani iwe 60 au 70. Sindano nene huacha matundu ambayo kwa nguo hii ndogo yanaonekana kama kazi ya mende.
- Uzi mwembamba wa pamba, na uzi wa kutarizi ule wa nyuzi sita. Utautumia uzi mmoja tu kati ya sita.
- Mkasi mdogo wenye ncha kali, pini nyembamba, subana, chaki iliyochongwa au penseli, pasi, rula ya sm 30.
- Gundi nyeupe ya karatasi, na kijiti cha meno cha kuipakia.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyopewa jina la nchi ilikotoka. Merikani ya kweli ni nzito; kwa mwanasesere inasimama kama turubai. Ukitaka rangi yake, chukua bafta uitie katika chai ya rangi: majani vijiko viwili kwa nusu lita ya maji, dakika tano, kisha suuza mpaka maji yatoke safi. Utapata rangi ya maziwa mazito, na kitambaa kitabaki chepesi.

## KANZU

### Hatua ya 1: Osha, anika, piga pasi

Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani, na pamba hurudi ikilowa. Kanzu ya mtu ikirudi kidogo anavumilia, lakini ya mwanasesere ikirudi nusu sentimita shingoni haivaliki tena. Osha kwa maji ya moto na sabuni, anika, piga pasi kikiwa na unyevu kidogo.

Umefaulu ikiwa ukikining'iniza kwa pembe moja kinaanguka wima, hakisimami upande.

### Hatua ya 2: Pima, hasa kichwa

Vipimo vitano vinatosha: bega hadi kifundo cha mguu, upana wa mabega, mkono, mzunguko wa shingo, na mzunguko wa kichwa. Watu hupima vinne vya kwanza na kusahau kichwa, na mwanasesere karibu wote kichwa chao ni kikubwa kuliko cha binadamu kwa kulinganisha na mwili.

Hesabu ya shingo ni hii: chukua mzunguko wa tundu la shingo, ongeza urefu wa mpasuo wa kifuani mara mbili. Jumla izidi mzunguko wa kichwa kwa sm 2. Kwa mfano wetu tundu lina mzunguko wa sm 8 na mpasuo ni sm 4. Nane na nane ni 16. Kichwa ni 14. Kinapita.

Usikimbilie kupanua tundu la shingo ili kichwa kipite. Kanzu itateremka mabegani na itaonekana ya kuazima. Refusha mpasuo.

### Hatua ya 3: Kata vipande

Kila kipande kimeshawekewa akiba ya mshono wa sm 0.7.

- Badani: kimoja, sm 9.5 kwa 51. Kinakunjwa begani, mbele na nyuma ni kipande kile kile. Hakuna mshono wa bega.
- Mikono: miwili, kila mmoja sm 9.5 kwa 11.
- Taharizi: mbili. Kata kwanza pande la sm 10 kwa 19.5. Upande wa juu weka alama sm 1.5 kutoka pembe ya kushoto. Upande wa chini weka alama sm 1.5 kutoka pembe ya kulia. Unganisha alama hizo kwa mstari wa mshazari, ukate. Unapata taharizi mbili, kila moja ina sm 1.5 juu na 8.5 chini, na hakuna chakavu hata uzi.
- Vikwapa: viwili, mraba wa sm 3.5.
- Kaba (kipande cha kugeuzwa ndani ya shingo): kimoja, sm 6 kwa 9.

Urefu wa badani, mikono na taharizi ufuate uzi wa urefu wa kitambaa. Kipande kilichokatwa mshazari bila kukusudia kitajipinda baada ya kuoshwa, na hakuna pasi itakayokirudisha.

Pakia gundi kwenye kingo zote ili nyuzi zisichomoke: tone moja la gundi kwa matone matatu ya maji, kwa kijiti cha meno, upana usizidi milimita moja. Jaribu kwanza kwenye kipande cha ziada, kikauke, ukipige pasi. Gundi iliyozidi hugeuka rangi ya kahawia kwenye moto na haitoki.

### Hatua ya 4: Shingo kabla ya kitu chochote

Hapa ndipo kanzu nyingi zinapofia. Mtu anafunga ubavu, anatia mikono, halafu ndio anahangaika na tundu la shingo ndani ya mfuko usioingia hata vidole viwili. Shingo ifanywe badani likiwa limelala mezani.

Kunja badani mara mbili upate mstari wa bega, kisha likunje kwa urefu upate mstari wa katikati. Mikunjo inapokutana ndipo shingo ilipo. Chora mviringo wa kipenyo cha sm 2.5, lakini usiuweke sawa kwa sawa: robo tatu iwe mbele ya mstari wa bega, robo iwe nyuma. Shingo ya kiumbe imeegemea mbele. Kutoka ukingo wa mbele wa mviringo chora mpasuo wa sm 4 kushuka kifuani.

Laza kaba juu ya badani, uso kwa uso, uvifunge kwa bandi (mishono mirefu ya muda). Sasa shona kwanza, kata baadaye. Pita pembezoni mwa mviringo, kisha shuka kando ya mpasuo ukiacha milimita 2 kila upande, mpaka chini ufikie ncha. Kwenye ncha piga mshono mmoja wa kulala, kisha panda upande wa pili. Mshono ule mmoja wa kulala ndio unaoipa kaba nafasi ya kugeuka bila kukunja uso.

Kata mviringo ukiacha milimita 3 za akiba. Kata mpasuo mpaka uzi mmoja kabla ya ncha. Chanja akiba ya mviringo kwa vipande vidogo kila milimita 4, bila kugusa mshono. Geuza kaba iende ndani, ukwaruze mshono kwa ukucha, kisha upige pasi.

Fundi mmoja mzee wa mtaa wa Langoni, Lamu, alinionyesha kazi ya ukucha nilipokuwa msichana. Alikuwa hana haraka ya pasi. Alilaza mshono juu ya ubao, akapitisha ukucha wa kidole gumba mara moja, akanambia, "Ndoo uone, mwanangu," yaani njoo uone. Kitambaa kilikuwa kimejikunja pale pale, chembamba kama ukingo wa karatasi. Kwa nguo ya mwanasesere ukucha unafika mahali pasi haifiki.

Umefaulu ikiwa ncha ya mpasuo imelala bila mkunjo, na badani linapita kichwani mwa mwanasesere bila kusukumwa. Lijaribu sasa hivi. Likikataa, ongeza mpasuo nusu sentimita kabla hujaenda mbele.

### Hatua ya 5: Tarizi

Tumia uzi mmoja wa hariri au wa kutarizi: mweupe, mwekundu, au rangi ya dhahabu iliyofifia. Zunguka shingo na mpasuo kwa mshono wa kurudi nyuma, kila hatua milimita 1.5. Mistari miwili inatosha. Ukitaka ya tatu, iwe ya vipembe vidogo chini ya mpasuo.

Usijaribu kunakili tarizi zote za kanzu ya kweli. Kwa umbo hili mistari mitano inakuwa doa jekundu kifuani. Mtazamaji ataijazia mwenyewe ile isiyokuwapo.

Kwa kitanzi cha shingoni, sokota nyuzi mbili, na ukitaka shada, funga nyuzi kumi za sm 2 na uzikate sawa.

### Hatua ya 6: Sijafu za mikono, kisha kikwapa

Kunja sm 1 ya mwisho wa kila mkono, ndio sijafu yake, na uishone sasa ukiwa bado bapa. Mkono ukishakuwa bomba la sm 8, hakuna mguu wa cherehani utakaouingia.

Kisha kikwapa. Watu wanakiogopa, wengine wanakiacha kabisa, na hapo mwanasesere hawezi kuinua mkono bila kanzu kupanda hadi magotini. Mkono ulioshonwa moja kwa moja kwenye badani unavuta kila kitu pamoja nao. Mraba ule mdogo unaupa mkono pumzi.

Njia rahisi ni kukishona kwenye mkono kwanza, kabla mkono haujagusa badani:

Laza mkono, sijafu ikielekea kwako na upande mpana wa juu ukiwa mbali nawe. Chukua kikwapa, kiweke uso kwa uso kwenye pembe ya juu ya ubavu mmoja, ule utakaokuwa mbele. Ukingo wa juu wa kikwapa ulingane sawa na ukingo wa juu wa mkono. Shona ubavu huo tu, ukianza na kuishia sm 0.7 kutoka kila pembe. Ukifungua, juu utaona mstari mmoja ulionyooka: mkono, kisha kikwapa kama mkia wake.

Fanya mkono wa pili, lakini kikwapa kiende upande mwingine. Iweke mikono yote miwili mezani kabla ya kushona. Vikwapa vitazamane. Visipotazamana una mikono miwili ya kulia.

### Hatua ya 7: Mkono kwenye badani

Tafuta katikati ya upande wa juu wa mkono, bila kuhesabu kikwapa, uweke pini. Ikutanishe na mstari wa bega wa badani, uso kwa uso. Kikwapa kielekee mbele.

Shona mstari mmoja. Upande wa nyuma anza sm 0.7 kutoka ukingo wa mkono. Upande wa mbele pita mkono, endelea juu ya kikwapa, na uishie sm 0.7 kabla ya mwisho wake. Akiba ile isiyoshonwa ndiyo itakayofunguka kwenye hatua ijayo. Ukiishona, kwapa litajikunja na utarudi kufumua.

### Hatua ya 8: Taharizi, kisha kufunga ubavu

Kila taharizi ina ubavu ulionyooka na ubavu wa mshazari. Ulionyooka uende mbele, pande zote mbili za kanzu. Mshazari unavutika, na ukikaa mbele utaonekana ukijipinda.

Shona ubavu ulionyooka kwenye badani la mbele. Ncha ya taharizi ianzie pale pale mshono wa kikwapa unapoishia. Funga kwa bandi kwanza, usitegemee pini. Pini zinainua kitambaa na vipande vinahama.

Sasa kunja kanzu begani, uso wa kitambaa ukiwa ndani. Ubavu wote unafungwa kwa safari moja. Anza kwenye sijafu ya mkono, fuata chini ya mkono hadi ukutane na kikwapa, pita ukingo wa kikwapa hadi kwapani nyuma. Hapo zuia sindano ndani ya kitambaa, inua mguu wa cherehani, zungusha nguo, shusha mguu. Endelea kwenye ukingo wa mwisho wa kikwapa, kisha mshazari wa taharizi hadi chini.

Kona ni moja tu kila upande. Ukishona kwa mkono, piga mishono miwili midogo papo hapo kwenye kona ili ishike.

Usiuvute mshazari unaposhona. Uache ulale na ukufuate wenyewe. Ukiuvuta, ubavu utakuwa na mawimbi.

Geuza kanzu, imvalishe mwanasesere, inua mkono wake hadi usawa wa bega. Viganja vya plastiki vyenye vidole vilivyotawanyika vifunge kwanza kwa kipande cha karatasi ili viteleze ndani ya mkono. Ukingo wa chini ukitulia pale pale mkono ukiinuka, kikwapa kimekaa sawa.

### Hatua ya 9: Ining'inize usiku mmoja

Usipinde chini siku hiyo hiyo. Mshazari wa taharizi ni mrefu kuliko ubavu ulionyooka kwa zaidi ya sm 1, na utateremka zaidi ukining'inia. Iache juu ya mwanasesere aliyesimama mpaka asubuhi. Kisha simamisha rula mezani na uweke alama kuzunguka, kata kilichozidi, pinda sijafu ya chini ya sm 1.5 kwa mkono, mishono ionekane ndani tu.

### Hatua ya 10: Kuilaza

Kitambaa hakijui kwamba kimekatwa kwa mtu mdogo. Uzito wa kanzu ya mtu mzima unaivuta chini. Kanzu hii haina uzito huo, ndiyo maana inatanuka. Mfunike mwanasesere kwa nailoni ya jikoni, mvalishe kanzu, inyunyizie maji mpaka ilowe kidogo. Panga mikunjo kwa vidole, wima, mbele na nyuma. Izungushe uzi kwa ulegevu kiunoni, magotini na chini. Iache ikauke kivulini siku nzima, ndipo ufungue.

Ukifanya hatua zote tisa vizuri na ukaiacha hii, kanzu bado itaonekana ya kuchezea. Kwangu hii ndiyo hatua inayomgeuza mwanasesere kuwa mtu.

## KOFIA NA KIZIBAO, kwa haraka

Kofia ya vito ya kweli ni kazi ya miezi, nami siidai kwa mwanasesere. Kata duara la kipenyo cha sm 6 na utepe wa sm 15.4 kwa 3.4, kila kimoja mara mbili kwa ajili ya bitana. Kabla ya kuunganisha, pitisha mistari ya uzi mmoja kwenye utepe na utoboe vitundu kwa sindano nene, ukizungushia kila kitundu mishono minne. Funga utepe, uunganishe na duara. Ikiwa inakaa juu ya kichwa bila kushuka masikioni, ni sawa.

Kizibao kikate kwa kipande kimoja, nyuma na pande mbili za mbele zikiwa zimeshikana ubavuni. Kata cha pili kama hicho kwa bitana. Vishone uso kwa uso kingo zote, pamoja na makwapa, ukiacha mabega manne wazi. Geuza kupitia mabegani, kisha funga mabega kwa mkono. Hakuna upindo hata mmoja.

## LESO

Leso ya mtu ina kama sm 150 kwa 110. Igawe kwa 5.5 upate sm 27 kwa 20. Kosa ni kukata kipande hicho kutoka leso ya dukani: unapata robo ya ua na kona ya pindo.

Suluhisho liko katika leso zenyewe. Inasimuliwa pwani nzima kwamba leso za mwanzo wanawake walizishona wenyewe, kwa kuunga vitambaa sita vya mkononi, vitatu kwa viwili. Mwanasesere wa zama zile anaweza kuvaa leso ya kushona, na vitambaa sita vyenye maua madogo ndivyo vinavyolingana na umbo lake.

1. Kata vipande sita vya sm 10 kwa 11 kutoka kitambaa kimoja au viwili vinavyopatana. Akiba hapa ni sm 0.5.
2. Unga vitatu kwa upande wa sm 11 upate safu. Fanya safu ya pili. Piga pasi mishono ikiwa imefunguliwa pande mbili, la sivyo makutano yatakuwa na vinundu.
3. Unga safu mbili. Anza kwenye makutano ya katikati kwenda nje, ndipo misalaba ilingane.
4. Pinda kingo kwa upana wa milimita 2, kwa mkono. Ukingo mnene hauanguki.

Ukipendelea leso yenye pindo (mapambo ya pembeni) na mji (sehemu ya katikati), chukua kitambaa chepesi cha rangi moja na upake mji na pindo kwa rangi ya nguo na brashi nyembamba. Pindo liwe na upana wa sm 2.5. Jina, yaani maneno ya leso, ulifikirie kabla ya kuliandika: leso za mwanzo hazikuwa na jina, na lilipoanza kuandikwa liliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nimeona mwanasesere mzuri wa mwaka 1900 aliyevishwa jina kwa herufi kubwa za Kirumi, na jicho la mama yeyote wa Lamu liliona kosa kabla ya kuona uzuri.

Shona mbili. Moja ifunge kifuani chini ya makwapa, mwisho uingizwe ndani na kushikizwa kwa mshono mmoja uliofichwa. Ya pili iwe kichwani na mabegani. Zilaze kwa maji kama kanzu.

## BUIBUI LA KAMBA

Mkato ni mwepesi kuliko yote, kitambaa ndicho kigumu. Kwanza kijaribu rangi. Niliwahi kuuziwa mjini Mombasa kitambaa cheusi nikihakikishiwa hakichuji. Nikamvisha mwanasesere wa mteja, na baada ya wiki mbili za joto shingo na mikono yake ilikuwa ya buluu. Sikuweza kuitoa, nikalazimika kumtengeneza mwingine. Tangu siku hiyo husugua kila cheusi kwa pamba nyeupe iliyolowa. Kikiacha rangi, nakitia kwenye maji ya moto na siki, nakisuuza, najaribu tena. Kikiacha rangi mara ya pili, hakiingii kazini. Kaniki nayo uijaribu hivyo hivyo.

1. Kata sm 36 kwa 36. Weka karatasi nyembamba chini ya kitambaa unaposhona kwa cherehani, kisha uichane na kuitoa. Bila karatasi, kitambaa hiki kitamezwa na meno ya cherehani.
2. Pinda juu na chini, milimita 3.
3. Shona ubavu upate bomba. Kunja akiba ndani ya akiba ili uzi usichomoke.
4. Mshono wa ubavu uwe nyuma. Kwenye upindo wa juu, mbele katikati, pima sm 8. Shona kamba nyeusi ya sm 24 kwa upande wa ndani juu ya sm hizo 8, ncha zikiachwa huru pande zote mbili.
5. Mwingize mwanasesere kwa chini. Kamba ikae kwenye paji la uso, ncha zipite juu ya masikio na kufungwa kisogoni ndani ya buibui.
6. Kinachobaki juu kitaanguka mabegani. Mkono mmoja uwe ndani, umeshika ukingo karibu na kidevu. Ushikize hapo kwa mshono mmoja. Mshiko huo wa mkono ndio unaomtambulisha aliyelivaa.

Kitambaa hiki usikilaze kwa maji mengi. Mvuke wa pasi kutoka mbali unatosha, mikunjo ikivutwa kwa vidole kushuka chini.

Ukimaliza, mwache kila mmoja mahali pakavu pasipo jua la dirishani. Hewa yetu ya bahari inatia ukungu kwenye pamba iliyofungiwa, kwa hiyo funika kwa kitambaa chepesi, usitie kwenye mkebe uliobanwa, na buibui lisilale juu ya kanzu nyeupe.